Ubishi wa Chumvi

Ashukuriwe Mungu aliyeyatenga maji na nchi kavu, akayajua yote kabla yetu: yapi ni ya kunywa, yapi ni ya kutazama tu. Ni yeye aliyeniamsha leo, akanipa chai ya moto na mkono usiotetemeka sana, nikaona niandike habari ya mama yangu na safari tuliyompeleka, na kosa nililolifanya mimi mtu mzima, mzee wa kanisa, mbele ya watoto wangu.

Mama ni mjane. Anaishi nasi Riruta, katika chumba cha nyuma kinachopata jua la asubuhi, tangu miguu ianze kumvimba na njia ya kwenda mtoni kule Ukambani imshinde. Umri wake hatuujui sawasawa. Husema alizaliwa mwaka wa nzige, na nzige walikuja mara nyingi. Vitu vya karibu anaviona vizuri, hata uzi anautunga mwenyewe kwenye sindano, lakini vya mbali ni ukungu mtupu. Mimi na mke wangu humwita mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba. Wajukuu humwita Susu, yaani nyanya.

Baba alifanya kazi bandarini Mombasa, akipakua mizigo, na alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Sisi tulikulia mahali pakavu. Maji tuliyapata kwa kuchimba mchanga wa mto uliokauka, unachimba hadi kiunoni, unangoja yajikusanye, unachota kwa kibuyu. Mama ndiye aliyechimba. Kila asubuhi jua likichomoza alisimama uani, mkono kwenye paji la uso, akatuambia, "Hilo limetoka kwa baba yenu. Ameliona kabla yetu."

Basi likizo moja baba alikuja akamweleza mama kwamba bahari ni maji yasiyo na mwisho, na yote yana chumvi. Mama akakataa. Hakukataa kwamba maji yaweza kuwa na chumvi, kwa maana kisima cha shule yetu kilikuwa na chumvi hadi ng'ombe waligoma. Alilokataa ni wingi wake. "Mungu ninayemwomba mimi," alisema, "hawezi kutia chumvi maji yote hayo, na mimi niko hapa nachimba mchanga."

Likizo iliyofuata baba akamletea maji ya bahari katika chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi. Mama akaonja, akatema. "Umetia chumvi ya dukani."

Baba akacheka hadi akakaa chini. Safari nyingine akaleta maji yenye mwani ndani. Mama akasema hayo ni majani ya mtoni. Akaleta kombe la kuweka sikioni ili asikie mawimbi. Mama akasikiliza kwa makini, akasema huo ni upepo. Mwisho baba akamwambia, "Sina la kufanya na wewe. Siku moja nitakupeleka uonje kwa mdomo wako." Akafariki kabla hajampeleka. Mimi nilikuwa bado shuleni.

Ubishi wenyewe haukufa. Mwaka jana mama alilazwa hospitalini siku kadhaa, na jioni moja, nimekaa kando ya kitanda chake, akaniambia, "Nikifika kwa baba yako, jambo la kwanza ataniuliza ni lile. Nimemwita mwongo maisha yake yote. Nitamjibu nini na sijaonja?"

Nikamshika mkono. "Mwaitu, nitakupeleka."

Niliahidi bila kumuuliza daktari. Siku tulipotoka daktari alituonya kwamba mama asikae kitako kwenye gari zaidi ya saa mbili, kwa sababu ya miguu na moyo. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni saa nane kwa basi, barabara ikiwa na huruma. Treni nayo ni saa nyingi. Nilipomtajia ndege, mama alisema, "Mimi nitapaa mara moja tu, na siku hiyo sitaki tikiti."

Nikabaki na ahadi yangu mkononi kama mtu aliyebeba kaa la moto, hana pa kulitua. Mama hakunisumbua. Nilikuwa nimemwambia tungoje mvua, naye aliuliza tu, mara moja kwa wiki, kwa upole ambao ulinichoma zaidi kuliko kelele: "Mvua ya pwani imeisha?"

Binti yangu ndiye aliyekuja na njia. Yeye husuka nywele Kenyatta Market, na watu wanaosuka nywele huzoea kutatua mambo ya kila mtu. Alikuja Jumapili moja na mtoto wake wa miaka sita, akanikuta jikoni na mke wangu.

"Baba, si kuna Naivasha?"

"Kuna nini Naivasha?"

"Ziwa! Hata saa mbili haziishi. Susu haoni mbali, ng'ambo haitaonekana. Maji ni maji. Tunamwambia ni bahari, anafurahi, tunakula samaki, tunarudi."

"Nimdanganye mama yangu?"

"Aki Baba. Si kudanganya, ni kumfurahisha."

Mke wangu alikuwa akisukuma chapati. Hakuinua kichwa. "Uongo ukivishwa nguo ya sherehe bado ni uongo," alisema. "Mimi simo." Akasukuma nyingine. "Lakini chapati za safari nitapika."

Ningemsikiliza mke wangu hapo, nisingekuwa na habari ya kuandika. Lakini usiku nikajitafutia mlango. Nimefundisha watoto wa kanisa miaka mingi, na najua kwamba ile inayoitwa Bahari ya Galilaya ni ziwa, tena la maji matamu. Nikajiambia: kama Bwana wetu alitembea juu ya ziwa na watu wakaliita bahari, mimi ni nani nikatae? Mtu mwenye elimu kidogo ya dini akitaka kutenda dhambi, hakosi hoja.

Asubuhi nikamwambia mama, "Mwaitu, Jumamosi tunaenda baharini." Nikasikia ulimi wangu ukiwa mzito kwenye neno lile la mwisho.

Mama akanitazama. "Jumamosi hii?"

"Jumamosi hii."

"Mungu akubariki," akasema.

Kanisa letu lina basi dogo la safari za kwaya, na wazee wenzangu walituruhusu tulitumie, tukijaza mafuta wenyewe. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu lilikuwa mlangoni. Niliingia chumbani kumchukua mama nikamkuta amevaa leso mpya na viatu vya kanisani. Juu ya kitanda kulikuwa na vifungo vimemwagwa, vyeusi, vyeupe, vya koti, vya shati. Sikuelewa hadi nilipoona alichoshika. Ilikuwa ile chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi. Alikuwa ameihifadhi miaka yote akitilia vifungo, na asubuhi ile alikuwa ameiosha.

"Nitachota yangu," akasema. "Sitaki ya kuletewa."

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Nikamshika kiwiko tukatoka.

Hatari kubwa ya safari ile haikuwa mama, ilikuwa mjukuu wangu. Mtoto huyo alikuwa amejua kusoma mwaka uleule, na alisoma kila kitu kilichoandikwa: pakiti ya unga, kuta za watu, migongo ya malori. Mama alimpenda kwa sababu hiyo, maana ndiye aliyekuwa macho yake ya mbali. Binti yangu alimkalisha kando ya Susu, kisha akamnong'oneza kwamba leo kuna mchezo: asiyesoma kitu chochote kwa sauti atapata soda mbili.

Tukaondoka. Sisi tunakaa karibu na barabara iitwayo ya Naivasha, na basi lilipoingia pale mama akauliza, "Hii si barabara ya Naivasha?"

"Ndiyo hiyo, mwaitu."

"Kumbe inapeleka watu Mombasa."

"Nairobi imekuwa kubwa," nikasema. "Barabara siku hizi zinazunguka."

"Zinazunguka," mama akarudia, kama mtu anayeonja neno.

Tulimpitia dada yangu mdogo Mountain View. Yeye ni mfanyakazi wa serikali, ofisi yake iko mjini, na ni mtu wa mipango. Aliingia na chupa mbili za chai na sweta ya sufu. "Mama, vaa hii. Kule juu kuna baridi sana."

"Juu wapi?" mama akauliza. "Bahari si iko chini?"

Dada akaanzisha wimbo wa kusifu kwa sauti kubwa. Basi zima likaitikia. Tangu hapo, mama alipouliza swali gumu dada alianzisha wimbo, na naweza kusema sijawahi kuimba sana kama siku ile.

"Mtito tumepita?" aliuliza, akitaja mji wa njia ya Mombasa. Wimbo.

"Mbona sioni mikonge? Baba yenu alisema kuna mikonge pande zote." Wimbo, tena wenye beti sita.

Tulipofika Limuru ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye majani chai, na vioo vya basi vikafunikwa. Mama akafunga sweta hadi shingoni. "Hapa ni Voi?"

"Bado kidogo, Susu," binti yangu akasema.

"Baba yenu alikuwa akilalamika joto la Voi. Alisema unaweza kukaanga yai juu ya reli." Akapuliza viganja vyake. "Labda alikuwa mtu wa joto."

Mke wangu alikuwa anatazama nje ya dirisha ambalo halikuonyesha chochote. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama anacheka au analia kwa ajili yangu.

Kisha mama akamgeukia mtoto. "Soma kile kibao, macho yangu."

Mtoto akakitazama kibao kikipita. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeteswa. "Susu, nimeambiwa nisisome."

Hata dada alikosa wimbo.

"Ah," mama akasema. "Basi usisome. Mtoto hutii wazazi wake." Akafumba macho, akaegemeza kichwa, na sikuona uso wake tena hadi tulipofika.

Ziwa siku ile lilikuwa zuri. Nasema hivyo bila kujitetea. Jua lilikuwa limepanda, maji yametulia yakimeta, na ng'ambo kweli haikuonekana kwa ukungu. Dereva alituegesha karibu na mahali wanawake wanapokaanga samaki, kwenye nyasi, chini ya migunga yenye magome ya manjano. Mama alishuka polepole, akasimama, akavuta pumzi.

Nami nikamtazama jinsi alivyosimama. Leso yake ilipigwa na upepo, na chupa ilikuwa kifuani kwake kama mtu aliyebeba yai. Nilitamani kwa moyo wangu wote kwamba hii ingekuwa bahari.

Kijana mmoja wa mashua akatujia mbio. "Boti, mzee! Boti, mama! Twende tuone viboko!"

Binti yangu akamkamata mkono akampeleka kando, nikamsikia akimwambia kwa ukali, "Wewe, nyamaza. Leo hapa ni Mombasa."

"Mombasa?"

"Mombasa! Maliza."

Kijana akakuna kichwa akaenda zake. Lakini viboko hawakupewa maagizo. Hatua chache kutoka ukingoni, penye mafunjo, kichwa kikubwa kikatoka majini, kikapiga chafya kwa kishindo, kikabaki kinatutazama.

"Susu! Kib—" mtoto akaanza, na mama yake akamziba mdomo.

"Ni nini hicho?" mama akauliza. Hakuwa mbali kiasi cha kutokuona kitu kikubwa namna ile.

"Ni..." binti yangu akatazama mbingu. "Ni nyangumi, Susu. Nyangumi mdogo."

Mama alimtazama yule mnyama kwa utulivu mkubwa. Niseme kwamba mama alizaliwa si mbali na mto Athi, wenye viboko wake. "Ana masikio," akasema.

"Wa huku wana masikio."

"Na masikio yanazunguka, kama barabara za Nairobi." Akavua viatu vyake vya kanisani, akanikabidhi. "Nipeleke majini, mahali ambapo huyo nyangumi hatanifikia."

Tulipata sehemu ya wazi yenye changarawe. Nilimshika mkono mmoja na dada akamshika mwingine. Mke wangu alikuja nyuma akisema, "Mwaitu, yasimezwe tafadhali, hayajachemshwa, ng'ombe wanakunywa humo." Mama aliinama kwa shida, akakinga maji kwa kiganja, akayatia mdomoni.

Akayazungusha. Akatema. Akakinga tena, akaonja tena, kama mpishi asiyeamini mchuzi wake.

"Matamu," akasema.

"Hayana chumvi. Hata ya kumdanganyia mtoto hayana." Akajiinua, akanitazama. Macho yake yalikuwa makavu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Basi baba yenu alikuwa mwongo. Na chupa zile alitia chumvi ya dukani, kama nilivyosema. Haya. Nikifika nitamwambia ana kwa ana: nimeonja mwenyewe, ulinidanganya."

"Susu," binti yangu akasema haraka, "labda ni mvua. Juzi ilinyesha sana. Ikinyesha chumvi hupungua."

"Sikukuuliza wewe, mama. Namuuliza huyu." Bado alikuwa amenishika mkono. "Wewe ni mzee wa kanisa. Unafundisha watoto. Niambie, baba yako alikuwa mwongo?"

Nimesimama mbele ya watu wengi maishani mwangu, kwenye mazishi na kwenye mabaraza, lakini sijawahi kusimama kama nilivyosimama pale, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu na viatu vya mama yangu kwapani. Niliona wazi nilichokifanya. Nilidhani uongo wangu ungekuwa kati yangu na mama tu, zawadi ndogo iliyofungwa vizuri. Kumbe ulikuwa umekwenda hadi kaburini kwa baba, umemkuta amelala na ukweli wake wa miaka yote, umemnyang'anya. Mtu aliyebeba maji ya bahari kwa treni na kwa miguu, katika chupa ya dawa, ili mke wake amwamini.

"Mwaitu," nikasema, "baba hakuwa mwongo. Bahari ina chumvi, yote. Mwongo ni mimi. Hapa si baharini. Hili ni ziwa la Naivasha."

"Ndiyo!" mtoto akapaza sauti kutoka nyuma, akiwa amejinasua. "Imeandikwa kule barabarani! Na-i-va-sha! Niliiona mara nne! Mama, sasa naweza kusoma?"

Na mama yangu akacheka. Alianza taratibu, kisha kicheko kikampanda hadi tukalazimika kumshika vizuri asianguke. Alicheka hadi machozi. Wanawake wa samaki wakasimama kutazama. Tulimtoa majini tukamkalisha kwenye kiti cha mmoja wao, naye akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Mlidhani mimi ni mtoto?" akasema alipopata pumzi. "Jua la kwetu hutoka baharini. Maisha yangu yote nimeliona likitoka huko. Leo tangu Kangemi limenikaa kisogoni. Nikasema, hawa wanangu wanaipa bahari mgongo, acha nione watafika nayo wapi."

"Ulijua, mama? Na nyimbo zote zile?" dada akauliza.

"Nyimbo zilikuwa nzuri. Wewe huimbi nyumbani kwangu siku hizi."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi nikimvisha viatu, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe." Akaweka kiganja chake, bado kibichi, juu ya kichwa changu chenye mvi. "Kunidanganya mimi, hilo ni jambo dogo. Ulinidanganya kwa mapenzi, najua. Nilitaka kuona kama utamwacha baba yako aitwe mwongo ili wewe usionekane. Ungemwacha, hiyo ingeniuma. Hukumwacha. Imekwisha."

Kisha akamwomba mke wangu chapati. Tukala. Samaki waliletwa wakiwa moto, na ugali na kachumbari, na mtoto alikwenda huku na huku akisoma kila kitu kwa sauti ya juu, bei za samaki, majina ya mashua, onyo la viboko, akilipiza kimya chake cha asubuhi. Soda zake mbili alipewa, maana binti yangu alisema ahadi ni ahadi, akanitazama mimi kwa jicho la pembeni.

Tulipokuwa tunanawa, mama akanivuta karibu. "Nawe nikuambie uongo wangu," akasema. "Chupa ile ya kwanza, siku ileile nilijua ni kweli. Chumvi ya dukani haina ukali ule, haina ile harufu. Alipolala nilipikia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, maji yaliyobaki, nikala mwenyewe, sikumpa hata mtu."

"Sasa mbona ulibisha miaka yote?"

"Ningekubali, safari ya pili angeleta nini?" Akatazama maji. "Wanaume wengine wa bandarini walirudi nyumbani wakalala, wakaamka, wakaondoka. Wangu alikuja mbio kutoka barabarani ana kitu cha kunionyesha."

Yapo mambo ambayo mtoto hata akizeeka huyasikia kwa mara ya kwanza.

"Lakini hospitalini ulisema lazima uonje," nikasema baadaye.

"Nilitaka kuonja, ndiyo. Nilitaka kusimama mahali aliposimama. Lakini hii miguu imekataa, na daktari alinieleza mimi kabla hajakueleza wewe. Nilikuuliza habari za mvua ya pwani ili useme, 'Mwaitu, haiwezekani.' Ulikuwa unaogopa kusema hilo tu. Sasa nakufungua ahadi yako. Bahari atanieleza mwenyewe, ana nafasi ya kutosha."

Akanishika viganja vyote viwili, akavitemea mate kidogo, kama wazee wetu wanavyobariki, nami nikavipaka kifuani. Akambariki dada, na mke wangu, na binti yangu aliyekuwa amejificha nyuma ya dereva kwa haya. Mtoto alitaka kubarikiwa mara mbili.

Kabla hatujapanda basi, mama akatoa ile chupa ya kahawia, akamwomba mtoto ampeleke ukingoni. Nikawaona wameinama wote wawili, mkubwa na mdogo, wakisubiri bubujiko liishe shingoni mwa chupa. Akaifunga, akaifuta kwa leso.

"Ya nini tena, mwaitu?" mke wangu akauliza. "Si umesema bahari imekwisha?"

"Haya nampelekea yeye," mama akasema. "Nitamwambia, haya ndiyo ya bahari, nimechota kwa mkono wangu, onja. Ni matamu. Tuone atasema nini." Na akaanza kucheka tena peke yake, ngazi kwa ngazi, akipanda basi.

Tulirudi jua likiwa nyuma yetu kwanza, kisha ubavuni, kisha tukalipoteza nyuma ya majengo. Kangemi kulikuwa na msongamano, mama akalala kichwa chake begani kwangu, na chupa ikabaki mikononi mwake bila kumwagika tone.

Bado tuko naye, kwa rehema za Mungu. Vifungo vimehamia kwenye kopo la majani chai. Chupa iko dirishani mwake, upande wa jua la asubuhi, na wageni wakija kumwona huwaambia ni maji ya bahari. Wakisema bahari ina chumvi huwauliza kama wameonja hii. Mke wangu huwazuia wasionje. Nami watoto wa kanisa wakiniuliza maana ya kumheshimu baba na mama, siku hizi sianzi na maelezo. Huwaambia kwanza habari ya kiboko aliyeitwa nyangumi, na wakimaliza kucheka ndipo nawaambia aliyekosea alikuwa nani.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe mtu wa kubishana naye kwa upendo, na maisha marefu ya kuubisha ubishi huo. Kama umedanganya mtu wako kwa kumhurumia, akupe ulimi wa kusema kweli yeye angali anakushika mkono. Maji yako yawe matamu, chumvi yako isipungue, na jua likuchomozee kila asubuhi kutoka kwa wale uwapendao.